Kula Ulichoangusha

Mlio ule ulinikuta sijajiandaa. Tulikuwa Dar es Salaam, kwenye ukumbi wa bolingi wenye baridi ya kugandisha samaki. Mpira mzito ulibingirika juu ya mbao, vile vigingi mfano wa chupa vikaanguka kwa kishindo, na papo hapo ikanijia harufu ya maganda ya korosho yanayoungua. Pale penyewe, wallahi, palinuka soksi za watu tu.

Baba mdogo ndiye aliyetuburuta huko, mimi, wanangu, na Mama aliyekuja kututembelea kutoka Kiranjeranje. Njia nzima huyo baba mdogo alituhubiria kwamba maisha yamekaza, na bolingi ndiyo burudani nafuu ya familia. Ati kagundua yeye! Nikamtazama akihema kuvaa viatu vya kuazima vilivyokwisha kuvaliwa na nusu ya mji. Sisi mchezo huo tuliucheza uani kwetu, pekupeku.

Mwaka mmoja, nilipokuwa mtoto, mikorosho yetu ilishikwa na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, maua yakakauka kabla ya kuzaa. Baba akaenda Rutamba kutafuta vibarua, tukabaki na Mama na korosho za kuokoteza. Kila siku baada ya alasiri Mama alizichomeka mchangani, mstari mmoja, nasi tukabingirisha danzi, lile chungwa kali ambalo hata mbuzi hulisusa. Sharti lilikuwa moja: unakula ulichoangusha, na zilizobaki zimesimama ni za anayefuata. Kisha zilichomwa kwenye bati lenye matundu, moshi ukatutoa machozi, tukazishushia na chai ya rangi. Hicho ndicho kilichokuwa chakula cha jioni.

Mama alianza yeye kila mara, na kila mara alikosa. Mwanamke aliyeweza kumpiga tumbili juu ya mkorosho kwa jiwe la kwanza, danzi lake lilipita ubavuni mwa korosho, karibu kabisa, likaenda zake. Mimi na wadogo zangu tulicheka mpaka tukagaagaa.

Ndipo akatokea Baba mdogo, anapita tu kutoka Somanga, analala siku moja. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, wenyeji tukakonda. Siku moja ikawa wiki. Alipouona mchezo wetu alikunja suruali, mtu mzima na kitambi chake, akasimama mbele ya alama tuliyosimamia sisi watoto. Akaangusha, akala. Akaangusha tena, akala. Mdogo wangu wa mwisho akalala na chai tupu tumboni, huku mgeni wetu akijichokoa meno na kumcheka Mama.

"Shemeji, wewe hata ukuta utaukosa."

Mama alimjibu kwa adabu kwamba mkono umechoka.

Maneno yake hayohayo Baba mdogo aliyarudia pale ukumbini, mbele ya wanangu, kwamba bibi yao hajapata kuangusha kitu. Mama alikuwa akivitazama vigingi vinavyoinuliwa na mashine. Akanigeukia.

"Vikianguka vinaliwa?"

"Haviliwi, Mama."

"Basi hapa hakuna wa kumwachia."

Akakaza kanga, akaushika mpira kwa mikono miwili, akainama na kuuachia. Ulikwenda katikati bila haraka, na vigingi vyote vikalala. Wanangu wakarukaruka. Baba mdogo akasema ni bahati. Mama akarudia, vikalala tena.

Mimi nilisimama pale na viatu vyangu vya kuazima. Miaka yote hiyo nilidhani Mama hakujua kulenga. Kumbe danzi lile kupita karibu vile, siku baada ya siku, sisi tusishtuke kwamba anatuachia, kulitaka shabaha kuliko kuangusha. Na uani kwetu, aliyekuwa hajui kabisa kucheza alikuwa mmoja tu, yule aliyeshiba.