Kufuli Tatu za Kasokola

Nilikwenda Mpanda kwa sababu nilialikwa, na nilialikwa kwa sababu nilisoma chuo na Lameki. Zaidi ya hapo sikuwa na sifa. Lameki sasa ni mratibu wa mradi unaowakutanisha watu wa serikali, wafanyabiashara na kanisa ili watafute ubunifu wa kumaliza tatizo moja la wakulima: mahindi kuoza wakati mvua haijakatika. Alihitaji mtu wa kuzungumza siku tatu kuhusu uongozi wa pamoja. Mimi sijawahi kuongoza hata kamati ya harusi ikafika mwisho bila ugomvi, lakini nimewahi kuandika makala kuhusu jambo hilo, na kwetu aliyeandika makala huhesabiwa kuwa ni mjuzi.

Niliondoka Morogoro alfajiri, nikalala Tabora, asubuhi nikapanda basi jingine la kushuka Sikonge na kuendelea. Kuanzia hapo ni miti ya miombo na mvua, mvua na miti ya miombo. Mizinga ya nyuki ilining'inia kwenye matawi kama mizigo iliyosahauliwa na abiria. Nilikuwa nimevaa suti yangu nyeusi ili isikunjike ndani ya begi, na mama niliyekaa naye kiti kimoja aliniangalia kwa huruma.

"Pole na msiba, baba."

"Sina msiba, mama. Naenda semina."

Alifikiri kidogo. "Basi pole na semina."

Jioni, Mpanda. Lameki alinipokea stendi, akanipeleka nyumba ya wageni pale Majengo, kisha tukala ugali na samaki wa migebuka. Hapo ndipo aliponieleza jambo alilokuwa akijivunia kuliko yote. Katika kata ya Kasokola wamejenga banda, na ndani yake kuna mashine ya kukaushia mahindi. Kanisa lilitoa kiwanja na matofali. Mzee Athumani, mwenye mashine ya kusaga hapo Majengo, alitoa injini. Serikali ikamtoa Bi Kashindye, afisa kilimo, asimamie.

"Tatizo likawa nani akae na ufunguo," alisema Lameki. "Kila upande unaogopa mwenzake ataiba dizeli. Sasa, si unajua kisanduku cha vikoba?"

Nani asiyekijua? Kisanduku cha fedha za kikundi, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, hakifunguki mpaka wote wakutane.

"Ndivyo tulivyofanya. Mlango mmoja, kufuli tatu. Afisa kilimo ana wake, Mzee Athumani wake, na Katekista Anselmi wake kwa niaba ya kanisa. Na ufunguo hauazimwi. Kila mtu anakuja kufungua kufuli yake mwenyewe."

Nilisifu. Nilisema huo ndio uongozi wa pamoja unaoshikika mkononi. Kabla sijanawa mikono nilikuwa nimeshaamua kuuweka kwenye slaidi ya kwanza.

Siku ya kwanza ya semina mvua ilipiga bati la ukumbi mpaka nikawa nazungumza kama mtu anayemwita ng'ombe. Wenye funguo wote watatu walikaa mstari wa mbele. Wakati wa chai akaingia mwanamke aliyelowa, amekuja kwa bodaboda kutoka Kasokola, amefunga mahindi kadhaa kwenye mfuko wa nailoni. Walimwita Mama Skola.

"Shikamooni," alisema, kisha hakupoteza muda. "Dada Kashindye, nyie si ndio mlikuja mkasema tuvune mabichi, mashine itakausha?"

"Ndiyo, mama. Na itakausha."

"Lini? Yako chini ya turubai toka juzi. Ukiingiza mkono katikati ya lundo ni kama umeingiza kwenye uji. Baba Skola yuko porini Ugalla anarina asali. Aliniambia nisikate mpaka arudi, nikamwambia wataalamu wamesema. Nimekata shamba lote kwa maneno yenu. Akirudi akute nini?"

"Tupo kwenye semina, mama," alisema Lameki kwa upole.

"Naona. Na funguo zote naona zipo hapa." Aliwatazama mmoja mmoja. "Twendeni mara moja. Mtarudi chai haijapoa."

"Binti yangu," alisema Mzee Athumani, "hii chai imepoa toka imiminwe." Watu wakacheka, naye akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wake. "Mimi huu hapa. Chukueni."

"Mzee, ufunguo hauazimwi," alisema Katekista Anselmi. "Tulikubaliana. Leo ukiutoa wewe kwa jambo zuri, kesho mwingine atautoa kwa jambo lake." Alikuwa sahihi kabisa, na ndiyo maana hakuna aliyembishia. Bi Kashindye akasema ruhusa yake kutoka ofisini ni ya kukaa ukumbini. Akionekana Kasokola ataulizwa. Lameki akafungua ratiba.

"Kesho kutwa ni ziara ya mradi, mama. Tunakuja wote, na wageni. Tutafungua."

Mama Skola akanigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa bado nimeshika kipaza sauti.

"Na wewe mgeni, unasemaje?"

Nilisema hoja yake ni ya msingi sana na tutaipokea kwenye majadiliano.

Alinitazama kama mtu anayesubiri tafsiri. Kisha akajifunika khanga kichwani, akarudi kwenye mvua. Mahindi yake aliyaacha juu ya meza, kando ya sahani ya maandazi.

Na tuliipokea kweli. Siku ya pili niliigawa semina katika makundi, kila kundi likapewa karatasi kubwa na kalamu za rangi kujadili kisa cha mkulima anayesubiri mashine. Kundi moja lilichora mduara wa wadau, jingine likachora ngazi. Mjadala ulikuwa mzuri mno. Nilizidisha muda wangu na hakuna aliyelalamika. Jioni nilisikia fahari ndogo ambayo sasa naikumbuka kama ladha ya kitu kilichochacha.

Siku ya tatu, Kasokola. Tulichelewa kidogo kwa sababu ya picha ya pamoja. Njia ilikuwa tope jekundu, magari mawili yakasukumwa. Mbele ya banda watu wa kijiji walikuwa wamesimama chini ya mabati ya mlangoni, na wenye funguo wakasogea mmoja baada ya mwingine: Bi Kashindye, Mzee Athumani, Katekista. Kufuli zikalia, tukapiga makofi. Injini iliwaka mara ya kwanza. Kwa ajili ya maonyesho, Mzee Athumani alikuwa ameleta gunia kutoka mashineni kwake, mahindi makavu ya msimu uliopita, kwa kuwa mabichi yangechukua muda mrefu na wageni wana safari. Yakamwagwa kwenye trei, upepo wa moto ukayapitia, yakatoka makavu kama yalivyoingia. Tukapiga makofi tena.

Mama Skola hakupiga. Alisubiri injini izimwe, akasema, "Sasa njooni kwangu."

Nyumba yake haikuwa mbali. Alipofunua turubai, harufu ilitufikia kabla ya macho. Ya juu yalikuwa yameota machipukizi meupe. Ya chini yalikuwa kijani na meusi, yameshikana, yanatoa mvuke. Bi Kashindye alichuchumaa, akabandua hindi moja, akalirudisha taratibu.

"Hata kuku usiwape," alisema. "Ni sumukuvu." Alizungumza akiangalia chini, na nadhani alikuwa anajizuia kulia.

Tukiwa bado tumezunguka lile lundo, akaja mwanamume anasukuma baiskeli yenye ndoo za asali nyuma. Hakuna aliyehitaji kutuambia ni nani. Aliegemeza baiskeli, akasalimia watu wote, akatazama lundo kwa muda mrefu.

"Sema tu," alisema Mama Skola.

"Niseme nini mbele ya wageni?"

"Basi wao waseme." Akanigeukia tena mimi. "Profesa, mwambie mume wangu kwamba sikukata kwa kichwa changu."

Mimi si profesa, lakini haukuwa wakati wa kusahihisha hilo. "Ni kweli, ndugu yangu," nilisema. "Aliambiwa avune."

"Na nani?"

Nilimtazama Bi Kashindye. Bi Kashindye akamtazama Lameki. Mzee Athumani alikuwa anakwangua tope kwenye kiatu, na Katekista alikuwa ameshika ufunguo wake kwa mikono miwili.

"Na sisi sote," alisema Lameki hatimaye.

"Sote," alirudia yule bwana, kama mtu aliyehesabu watu akakuta hakuna mtu.

Mama Skola akaanza kufunika lundo tena, bila sababu yoyote. Nilimsikia akimwambia jirani kwamba mwezi ujao atashuka Mpimbwe kuvuna mpunga wa watu, alipwe mpunga. Asali ile, niliambiwa baadaye, wataibadilisha kwa mahindi mpaka itakapoisha.

Pamoja na hayo, tulipokuwa tunaaga, mwenye nyumba alijaza chupa ya maji kwa asali akanipa. Nilikataa. Akasema mgeni haondoki mikono mitupu, na uso wake ulionyesha kwamba nikikataa tena nitakuwa nimemwongezea pigo la pili siku hiyo hiyo.

"Ukifika kwako useme umepewa na Kalisti wa Kasokola."

Nilirudi kwa treni mpaka Tabora. Njiani Lameki alinipigia akiomba sentensi moja kwa ajili ya ripoti, jambo kuu tulilojifunza. Nikamwambia aandike kwamba mashine ilikuwepo, funguo zilikuwepo, wenye funguo walikuwepo, na aliyeshika kipaza sauti alikuwepo pia, ila hakuna aliyesimama. Alicheka kidogo, akasema ataweka kwamba kulikuwa na changamoto za uratibu. Kufuli, alisema, zitajadiliwa kwenye kikao kijacho.

Nilifika Morogoro suti ikiwa na tope mpaka magotini. Mke wangu alitoa vitu kwenye begi, akainua ile chupa kwenye mwanga wa dirisha.

"Umenunua?"

"Nimepewa."

"Na nani?"

"Kalisti wa Kasokola," nilijibu.