Mtu wa Kumi kwenye Kaburi la Ruben

Nilikwenda London kwa sababu ya mstari mmoja nilioandika kwa mkono wangu: "Ruben, London. Bado yupo." Siku mstari huo ulipochapishwa, Ruben alikuwa na miezi miwili kaburini.

Nieleze kwanza nilivyoshikishwa kalamu. Zaidi ya miaka thelathini iliyopita nilisoma chuo kule Marekani, na chumba cha bei nafuu kuliko vyote kilikuwa katika nyumba ya chama cha wanafunzi wa Kiyahudi, ambacho wanachama wake huitana ndugu. Nilikwenda kupatana, nikapunguziwa kodi kwa sharti kwamba niwe mnunuzi wa vyakula vya nyumba. Mwaka wa pili Ruben, mwenzangu wa chumbani, akapendekeza jina langu, kura zikapigwa, nami Mutiso, Mkamba wa Machakos, mtoto wa mama wa kwaya, nikawa ndugu.

Kila Jumatatu katibu wetu, Sol, aliita majina. Asiyekuwepo, ilikuwa lazima mwingine amsemee: yuko maktaba, ana homa, yuko kwa msichana na hatarudi leo. Hakuna jina lililopita bila jibu. Tulipotawanyika duniani, mwito ule ukageuka ukurasa wa jarida la kila mwaka, "Habari za Ndugu": nani kapanda cheo, nani kaoa, nani kastaafu. Mimi nauza spea za magari Nairobi na nina sifa ya kuhesabu kila kitu mara mbili, basi ukurasa nikaachiwa.

Sifa hiyo ilikuwa na tundu. Ndugu asipojibu, nilimrudishia mstari wake wa mwaka uliotangulia. Sikutaka ukurasa uwe na mapengo kama kinywa cha kikongwe. Ruben kila mwaka alituma maneno mawili tu: "Bado nipo." Mwaka jana hakutuma kitu. Nikamwandikia mimi, kwa niaba yake.

Mkewe, Miriam, ndiye aliyenijibu. "Umeandika kwamba mume wangu bado yupo. Alifariki Machi. Mazishini walikuja wanaume sita, na Kadishi haikusemwa. Februari tunasimika jiwe la kaburi. Kama unajua aliko huyo Ruben wako aliye hai, njoo naye."

Kadishi ni sala yao ya kuwaombolezea wafu. Kwa desturi ya wazee haisemwi mpaka wawepo wanaume kumi wa Kiyahudi. Nilifungua orodha yangu. London, ukimtoa Ruben: ndugu kumi na mmoja. Nikarudia kuhesabu: kumi na mmoja. Nikamwandikia Miriam, "Usihofu, ninao kumi na mmoja," kisha nikaenda kuomba viza.

Jumatano asubuhi nilitua. Anga ilikuwa ya rangi ya bati la zamani, na ilikaa hivyo hadi nilipoondoka. Mpwa wangu Ndinda, muuguzi, anaishi Harrow katika nyumba iliyogawanywa na jirani kwa ukuta mmoja, mwembamba wa kusikiana kikohozi. Alinipa chai, akaitazama karatasi yangu.

"Mjomba, hawa watu umewapigia simu?"

"Nina anwani zao."

"Sikuulizia anwani. Umewapigia?"

"Wapo kwenye jarida, Ndinda."

"Kwani jarida umeliandika wewe au malaika?"

Nilikunywa chai. Kisha nikaanza kupiga.

Kufikia jioni nilikuwa nimewakata wanne. Mmoja alikufa miaka minne iliyopita. Aliyepokea ni binti yake, akaniambia taratibu kwamba alidhani yule "mwanasheria, anafurahia familia" wa kila mwaka ni mtu mwingine wa jina moja na babake. Wawili walihama, mmoja Kanada, mwingine Australia. Wa nne alikuwepo, mzima, dakika ishirini kwa basi, lakini aliwahi kugombana na Ruben. "Hata jiwe lake sitaliangalia," akasema, akaniuliza hali ya hewa ya Nairobi.

Walibaki saba. Watano waliahidi kuja. Wawili, Nathan na Sol, hawakupokea simu, ikabidi niwafuate.

Alhamisi nilimkuta Nathan karibu tu, kituo cha pili kwa treni, akishusha vifurushi kwenye gari dogo. Kwenye ukurasa wangu yeye ni mwalimu mkuu.

"Mutiso," alisema, bila mshangao, kama mtu aliyeletewa bili. "Nishikie hiki."

Tulipeleka vifurushi mlango kwa mlango, tukiongea kati ya kengele na kengele. Shule yake ilifungwa miaka saba iliyopita. Tangu hapo amesambaza mizigo, na jioni hufundisha hesabu watoto wawili.

"Mbona hukuniandikia?"

"Ningekuandikia nini? Cheo ulichonipa kilikuwa kizuri kuliko nilichokuwa nacho. Mke wangu aliukata ule ukurasa akaubandika kwenye friji. Yeye kaondoka. Ukurasa upo."

Nimepatana bei na watu wagumu, lakini huyu hakuwa ameweka bei yoyote.

"Jumapili nitakuja," akasema. "Ila usiniandike."

Ijumaa nilivuka jiji lote hadi kusini, upande wa Tooting, kwa treni ya chini ya ardhi. Nilihesabu vituo kwenda, nikavihesabu tena kurudi. Angalau hivyo havikuwa vimekufa wala kuhamia Kanada. Sol, ambaye kwangu "anafurahia kustaafu," alikuwa katika nyumba ya kulelea wazee. Mlangoni mhudumu alisoma jina langu kwenye daftari la wageni, akaacha Kiingereza papo hapo.

"Mutiso! Kumbe mtu wa nyumbani. Mimi Kerubo, wa Kisii. Sasa huyu mzungu ni nani wako?"

"Ndugu yangu."

"Baba mmoja?"

"Nyumba moja."

"Haya. Nyinyi Wakamba mna mambo." Akashusha sauti. "Mzee, usikasirike asipokujua. Mwanawe huja Krismasi, na hata yeye huitwa daktari."

Sol alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, anatazama bustani isiyo na ua hata moja. Aligeuka, akanikagua toka viatu hadi kichwa.

"Umeleta maziwa?"

Ilinichukua muda. Kisha nikakumbuka kazi yangu ya zamani. "Nimeleta."

"Umepunguziwa?"

"Kidogo."

"Kidogo gani? Umeibiwa," akasema, akarudi kwenye bustani yake.

Nilimweleza Kerubo shida yangu. Tulipiga hesabu pamoja: ndugu sita wenye miguu, kaka wawili wa Miriam kutoka Manchester, na rabi mwenyewe. Tisa. Sol akiletwa, kumi. Kusahau hakumwondoi mtu kwenye hesabu yao; niliuliza.

"Mwanawe nitamwomba ruhusa kwa simu," Kerubo alisema. "Gari la viti vya magurudumu nitaomba. Lakini Jumapili tuko wawili kwenye shifti, na wazee ni kumi na tisa. Nikikuahidi nitakuwa muongo."

"Jaribu tu, dada."

"Nitajaribu. Saa nane?"

"Saa nane."

Jumapili tulifika makaburini nje ya jiji, upande wa kaskazini. Mawe yamesimama safu kwa safu kwenye tope, upepo unapita katikati bila kuomba njia. Jiwe la Ruben lilikuwa limefunikwa kitambaa cheupe. Miriam ni mwanamke mdogo wa mwili, koti kubwa. Alinipa mkono.

"Kumi na mmoja?" akauliza.

"Tunamngoja mmoja."

Alitazama kundi, akanitazama mimi, akajua.

Saa nane na dakika kumi Kerubo alipiga simu: wametoka, lakini gari lilichelewa na njia imejaa. Kisha simu yake ikanyamaza. Nikaanza kuhesabu waliopo kwa kidole, moja, mbili, tatu. Nathan akanipiga mkono ukashuka.

"Watu hawahesabiwi hivyo."

Akaninong'oneza desturi yao: hutumia mstari wa Zaburi wenye maneno kumi kwa Kiebrania, kila mtu neno lake. Alipita kwa macho, midomo ikicheza. Wanaume wakaisha, neno moja likabaki bila mwenyewe. Nilimkumbuka nyanya yangu kule Machakos, aliyenichapa kwa mwiko siku niliyohesabu wajukuu waliokaa kula. Alisema ukiwahesabu watoto, unakionyesha kifo pa kuanzia. Nimekua nikaona ni ushamba, nikahesabu kila kitu, watu wakiwemo.

Saa ilisonga. Rabi, kijana mpole mwenye ndevu nyekundu, alikuwa na maziko kwingine, na lazima aondoke saa tisa kasorobo. Hapakuwa na familia nyingine makaburini saa ile, la sivyo ningekwenda kuwaazima mtu, kuomba siogopi. Rabi akatupitia kwa macho, akafika kwangu.

"Na ndugu huyu? Samahani, sitaki kudhani tu. Mama yako ni Myahudi?"

Wote wakaniangalia. Nathan alinikanyaga kiatu, taratibu. Nilijua maana yake. Kwao Uyahudi hupitia kwa mama, Wayahudi weusi wapo, rabi hanijui, na neno moja lilitosha. Nililiona jibu limekaa kwenye ulimi tayari, limevaa hadi viatu. Miriam alikuwa anatazama chini.

"Mama yangu," nikasema, "aliimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa kwa miaka arobaini."

Rabi aliinamisha kichwa. Akasoma Zaburi mbili kwa sauti nzuri. Kitambaa kikatolewa, jina la Ruben likaonekana, tarehe mbili na kistari kati yake. Kadishi haikusemwa. Rabi akaondoka, kaka wa Miriam wakawahi treni ya Manchester, ndugu wakatawanyika wakishikana mikono, wakiahidiana chakula ambacho hakuna atakayekipika. Nathan alikuwa na vifurushi. Siku hizi hata Jumapili.

Tulibaki wawili. Miriam aliokota kijiwe, akakiweka juu ya jiwe, kama desturi yao. Kisha akanigeukia.

"Miaka yote umeandika uongo kwa kalamu, Mutiso. Leo ndipo ulimi wako ukaona haya?"

"Ndiyo," nikasema. "Leo."

"Ungesema ndiyo, ningejifanya sijui."

"Najua."

"Nimeishi naye miaka ishirini na sita, na mimi pia sihesabiwi." Akafuta pua kwa kiganja. "Karibu kundini."

Saa tisa na dakika ishirini gari lilisimama langoni. Kerubo alishuka kwanza, ameloa, anaomba msamaha kabla mguu haujagusa ardhi. Nilimwambia watu wamekwenda. Alitazama makaburi matupu, akamtazama Sol aliyevishwa kofia ya sufu.

"Basi nimrudishe?"

"Mlete," akasema Miriam.

Magurudumu yalizama kwenye tope, tulimsukuma watatu. Mbele ya jiwe Sol alitukagua mmoja mmoja. Halafu akaweka mikono juu ya magoti na uso wake ukabadilika, ukawa uso wa Jumatatu.

"Tuanze," akasema. "Nathan!"

Mimi na Miriam tuliangaliana. Sol alingoja. Hakuna jina lililopita bila jibu.

"Yuko kazini," nikajibu. "Anasambaza mizigo. Mke amemwacha."

"Mutiso!"

"Nipo."

"Umechelewa na maziwa." Akaendelea. Aliita majina ya nyumba nzima, kwa mpangilio uleule wa vyumba, ghorofa kwa ghorofa. Yule mwanasheria: nikasema amekufa, ana miaka minne sasa. Wa Australia: nikasema amehama. Yule mgomvi: nikasema amekataa kuja. Wengine wengi: "Sijui." Sikuwahi kulisema neno hilo mara nyingi namna ile kwa siku moja. Sol hakukasirika. Kila jibu alilipokea kwa kutikisa kichwa, kama mtu anayepewa chenji kamili.

"Ruben!"

Lile jibu nilikuwa nimeshalitumia, nikalichapisha, na halikuwa langu.

Miriam aliweka mkono juu ya jiwe.

"Yupo," akasema. "Yupo hapa nami."

Sol akatikisa kichwa, akaita jina lililofuata. Kerubo alikuwa ameshika vishikio vya kiti, machozi yanamtoka, na hakuwa anamjua hata mmoja wao. Saa kumi kasorobo mlinzi akapiga kengele ya kufunga. Tulinawa mikono langoni kwa maji ya baridi kali, nikamsaidia Kerubo kumpandisha Sol garini. Miriam alinishika mkono mara ya pili.

"Hiyo haikuwa Kadishi," akasema.

"Haikuwa."

"Lakini ameitwa." Akavuta ukosi wa koti, akaelekea kituo cha basi.

Jumanne nilirudi Nairobi. Ndinda alinisindikiza hadi uwanja wa ndege, akanipakia majani ya chai ya Kenya niyarudishe Kenya, kwa sababu huko kwao ni ya bei nafuu.

Mwezi wa tano nimeandaa ukurasa. Nathan hayumo, kama alivyotaka. Mwanasheria nimempa siku yake ya kufa, niliyoitaka kwa binti yake. Kwa Sol nimeandika anapoishi na siku za kumtembelea. Ambao hawakujibu wana jina, nafasi tupu, na neno "sijui." Kwa Ruben nilimwomba Miriam anitumie mstari, akatuma jina la makaburi, namba ya safu, na mabasi mawili yanayofika huko. Ni ukurasa mfupi kuliko yote niliyowahi kuandika, na una mapengo kama kinywa cha kikongwe. Nimeusoma mara moja. Sikuuhesabu.