Maneno Mawili Yaliyomtoa Nashon Mezani

Nashon alipoteza mchezo aliokuwa ameshaushinda. Na hakupokonywa na mtu. Alijitoa mwenyewe, kwa maneno mawili, huku akitabasamu.

Nilikuwa nimekaa karibu naye, kwa hiyo msiniambie natunga.

Ilikuwa mwaka wa tisini na saba. Kailash, mtoto wa mzee Shantilal wa duka la vitambaa pale Biashara Street, Nairobi, alikuwa ameletewa karata za ajabu na binamu yake kutoka Uingereza. Si hizi za kopa na shupaza. Hizi zilikuwa na picha za majoka, wachawi na majitu ya jicho moja.

Sisi tukauita mchezo wenyewe Majoka.

Kila mtu anachagua karata zake, anazipanga nyumbani apendavyo, halafu Jumamosi mchana tunakutana stoo ya juu ya duka kupigana. Una uhai wako. Ukiisha, umetoka. Anayebaki wa mwisho ndiye bingwa.

Kailash alipenda jeshi la vibwengo, vidogo vidogo, vinavyokurukia kabla hujakaa vizuri. Nashon alikuwa mtu wa majoka: anavumilia kipigo, anakusanya nguvu, kisha anashusha joka moja linafagia meza nzima.

Mimi nilijaza karata za kuta, za kujikinga tu. Kuta tupu. Walinicheka sana.

"Kivuva ni fundi wa mjengo," Kailash alikuwa akisema.

Sawa. Sikumchokoza mtu, na mtu hakunichokoza.

Wa nne alikuwa Selpher.

Selpher alikuwa mpenzi wa Nashon. Desemba ile wazee wa Nashon walikuwa waende kwa kina Selpher, mtaa wa Jamhuri, kujitambulisha rasmi. Nashon ndiye aliyemleta mezani, ili amwone akishinda.

Hapo ndipo alipojikwaa.

Selpher hakuwa na karata, akaazimwa na Kailash. Akaazimwa vibwengo. Na kufundishwa vibwengo kukawa ni kuinamiana pale dirishani na kunong'onezana, kisha Selpher anarudi mezani akicheka peke yake.

Roho ilimuuma Nashon mpaka chakula kikamshinda. Najua kwa sababu tulikuwa tukirudi Uthiru pamoja, na njia nzima wimbo ulikuwa huo huo.

"Manze Kivuva, umeona vile wanacheka?"

"Nimeona."

"Jamaa ana duka, ana gari ya babake, ana karata zote. Hata dame wangu anataka?"

"Si umuulize Selpher."

"Nimuulize nini? Mimi si fala. Nitamwonyesha huko mezani."

Nikanyamaza. Ukuta kazi yake ni hiyo.

Tangu hapo Nashon hakucheza tena, aliwinda. Kila pigo lilikwenda kwa Kailash. Hata kuta zangu zikiwa zimebomoka na mtoto mdogo angeweza kunimaliza, Nashon alinipita akamchoma Kailash. Wivu ulikuwa umemziba macho kabisa.

Halafu ikaja ile Jumamosi ya Novemba.

Siku hiyo alikuwa amejipanga. Majoka mawili mkononi, nguvu za kuyashusha zimetimia, anangoja zamu yake tu. Sisi wote tungetoka kwa mpigo mmoja, na hakuna aliyejua.

Nashon akaangalia karata zake. Akatabasamu. Akagonga meza kwa kidole.

"Niko kadi!"

Sote tukainua macho.

Mliokulia Nairobi mmeshaelewa. Katika karata zetu za mtaani, ukibakiza za kumalizia ni lazima utangaze "niko kadi", la sivyo ushindi wako haukubaliwi. Nashon alizicheza hizo tangu akivaa kaptula. Mdomo ulisema wenyewe.

Lakini Majoka hayana sheria hiyo. Hakuna aliyemuuliza!

Kailash alicheka akashika tumbo. "Buda, asante kwa kutuambia!"

Akamwachilia vibwengo vyote. Nashon akabaki na uhai wa kuungaunga.

Zamu ikawa ya Selpher. Akamtazama mpenzi wake, naye akacheka, akaachilia vyake. Nashon akatoka.

"Si ni mchezo tu, Nashon," Selpher alisema.

"Mchezo?" Nashon alisimama, kiti kikaanguka. "Umenimaliza kwa sababu ya huyu! Kila Jumamosi mnanong'ona hapo dirishani. Mnadhani mimi ni kipofu?"

"Unaniambia hivyo mbele ya watu?"

"Nakuambia. Na wazee wangu Desemba hawaendi popote!"

Kailash aliacha kucheka. Akaenda kufunga mlango kwanza, maana babake alikuwa chini dukani.

"Ni Nurjahan," alisema polepole. "Anafanya kazi na Selpher. Mzee akijua nampenda Mwislamu, nimekwisha. Selpher ndiye ananipelekea salamu zake. Ni hiyo tu, Nashon."

Nashon akainua kiti kilichoanguka, akamgeukia mpenzi wake.

"Selpher, nisamehe..."

"Umesema hawaji," Selpher alimjibu. "Basi wasije."

Akachukua mkoba wake, akashuka ngazi. Hakuna aliyemaliza ule mchezo. Mezani kwangu kuta zilikuwa zimesimama zote.

Nashon alilia, jamani. Alipokataliwa hata mlangoni kwa kina Selpher, akatafuta mtu wa kumtuma akamwombee msamaha, mtu ambaye hajagombana na yeyote. Akanituma mimi.

Nilienda Jamhuri. Nikamtetea kwa moyo wangu wote, Mungu shahidi. Selpher akakataa, akanipa chai. Nikatumwa tena, akakataa tena, chai ikaja na mandazi.

Mara iliyofuata sikutumwa na mtu.

Wazee walienda Jamhuri mwaka uliofuata, ila walikuwa wazee wangu, kutoka Ukambani. Na mama watoto ameisoma hii kabla sijaiweka hapa. Amesema nimeacha jambo moja: chai yenyewe alikuwa akiitia tangawizi kwa sababu yangu, na mimi sikushtuka.

Wahenga walisema vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mimi naongeza langu. Ukishikwa na wivu, ndugu yangu, muulize mwenzako mkiwa wawili, tena kwa upole. Ukiupeleka mezani utakuwa umetangaza kadi, na wote wamejua pa kukupiga.