Mpigaji asiyetaja jina, kutoka Makote

Leo nimepiga simu redioni kwa siri, na mtaro mzima umenijua.

Tunachimba mtaro wa bomba la maji hapa Makote. Sisi wachimbaji hatuna maji ya kunywa. (Chekeni tu, na sisi tulicheka mpaka koo zikakauka.)

Asubuhi kulikuwa na kipindi cha kero za wananchi. Nikajificha nyuma ya mkorosho, nikapiga.

"Mpigaji, unaitwa nani?"

"Sitaji, dada. Naogopa kufukuzwa kazi."

Nikaeleza yote kwa Kiswahili kilichonyooka, mpaka nikajipenda. Mtangazaji akasema, "Tumekusikia, asante sana."

"Wabeja sana, ng'wanawane!"

Jamani. Asante ya Kisukuma imenitoka yenyewe.

Mtaroni ni Wamakonde na Wamakua watupu. Msukuma ni mimi tu.

Narudi, namkuta msimamizi wetu, Baba Saidi, ameegemea pikipiki, redio inaongea kwenye simu yake.

"Shikamoo, Baba Saidi."

"Marahaba. Umemsikia huyo asiyetaja jina?"

Mngekuwa nyie mngejibu nini?

"Sijamsikia, baba."

"Ukimwona mwambie maji nayafuata sasa hivi. Na siku nyingine aniseme usoni. Mama Saidi naye anasikiliza redio!"

Akawasha pikipiki, akarudi na madumu mawili. Tumekunywa kama ng'ombe.

Sasa wenzangu wamenizunguka. Wanataka kesho nipige tena, niseme kwamba hata maharage ya mchana yana wadudu.

Nimewaambia wapige wenyewe.

Hawataki. Eti wao wanaogopa kujulikana.