Marahaba Katikati ya Wimbo

Msimu wa kahawa, kijiji chetu kizima cha Maguu kilinuka maganda yaliyoanza kuchacha, harufu ya utamu uliopitiliza inayokufuata mpaka kwenye uji. Nikiisikia leo namkumbuka Shangazi Filo, dada yake baba, akizungusha mkono wa mashine ya kumenyea kahawa huku akiimba. Shangazi hakuimba nyimbo za watu, alitunga zake: juu ya nzi, juu ya viatu vya mitumba vya mguu mmoja, juu ya mbuzi wa jirani. Sauti yake ilikuwa nzito, mgeni akiisikia kutoka barabarani angedhani ni mwanamume. Mwaka ule wafanyabiashara binafsi walianza kupanda milimani na pikapu zao kununua kahawa, na neno lililokuwa kwenye kila mdomo lilikuwa ruksa. Kahawa ruksa, mitumba ruksa. Shangazi akauza kahawa yake, akaenda Mbinga mjini kununua mabati, akarudi na redio kaseti. Baba alipofoka, alimjibu kwa upole kabisa, "Kaka, si wamesema ruksa? Basi na mimi ni ruksa."

Alikuwa na sababu. Mzee Ndunguru, mwalimu wa kwaya ya kigango chetu, alikuwa amezikataa nyimbo zake. Mzee huyu alikuwa na besi ya kutikisa madirisha, na alitembea mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Siku moja baada ya misa alimwambia mbele ya watu wote, "Filo, nyimbo zako hizi hazitavuka hata kijito cha pale chini." Shangazi akacheka na watu, kisha akaja kulia jikoni kwetu, moshi ukasingiziwa. Niliumia sana kumwona vile. Kwa hiyo kurekodi kaseti yake mwenyewe hakukuwa mchezo: ilikuwa lazima ivuke kijito.

Wa kuivusha alikuwa Saidi, dereva wa lori lililoteremsha mahindi Mbamba Bay na kupandisha dagaa wale wa ziwani tunaowaita usipa. Saidi alikubali kuipiga njia nzima na kule sokoni ufukweni, mradi aikute tayari akipita. Kaseti tupu ilikuwa moja tu. Betri zilikuwa hoi, tukazianika juani kwenye mkeka pamoja na mahindi ili zipate nguvu kidogo. Kuku tukawafungia, mbwa akapelekwa kwa bibi, redio ikakalishwa juu ya stuli kama bibi harusi. Shangazi alikuwa na gitaa la kuchonga lenye nyaya za breki za baiskeli. Mimi nilikuwa mpiga ngoma ya debe na mwitikiaji, na nilijiona mtu mkubwa kweli.

Wimbo ulikuwa juu ya ngoro, yale mashimo tunayochimba kwenye mashamba ya mteremko. Mwanamume hufyeka nyasi na kuzilaza miraba miraba, halafu kazi ya kuchimba ni ya mwanamke. Katika wimbo, mke anachimba peke yake hadi kiuno kinakataa, na kila ubeti anauliza, "Mwenye shamba yuko wapi?" Mimi naitikia, "Hatujamwona!" Tukaenda vizuri, ubeti wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu, kivuli kikaingia kwa mlango tuliouacha wazi kwa ajili ya joto. Mzee Ndunguru alikuwa anapita uani, mikono nyuma. Sasa jamani, mtoto wa Maguu wa siku zile mzee akupite bila kumwamkia? Shangazi mwenyewe ndiye aliyetuchapa kwa kosa hilo. Akauliza, "Mwenye shamba yuko wapi?" na mdomo wangu, bila kunishauri, ukatoa:

"Shikamoo, babu!"

"Marahabaaa!" ikajibu besi kutoka uani, tena palepale kwenye mapigo. "Hamjambo humo ndani?"

Yesu na Maria! Shangazi alinitolea macho nikadhani yatadondoka, lakini vidole havikuacha nyaya, kwa sababu kurudia kusingewezekana. Alimaliza wimbo, na betri zikafa. Nje honi ya lori ikalia. Aliishika kaseti kifuani, akasema kwa sauti ndogo, "Basi, ziwa zima litanicheka." Akampa Saidi bila kumtazama usoni. Baada ya hapo hakuimba tena. Mashine ya kahawa ililia peke yake, na nyumba ikawa kama ina msiba.

Lori liliporudi tulilisikia kabla hatujaliona. Saidi alikuwa anapaza sauti dirishani, "Mwenye shamba yuko wapi?" na juu ya magunia akina mama wa Ngumbo, kule ziwani, waliokuja kuuza usipa wakajibu kwa pamoja, "Shikamoo, babu! Marahabaaa!" wakaangua kicheko. Saidi akaruka chini. "Dada Filo, kule wanautaka ule wenye babu tu! Yule mume mvivu umempata wapi?" Shangazi alikaa chini kwenye maganda ya kahawa, akacheka huku machozi yakimtoka, na safari hii hakusingizia moshi.

Mzee Ndunguru alikuja juu kama moto. Kila alikopita walimwita Mwenye Shamba. "Nifute humo!" aliamuru. Shangazi akamwambia kwa heshima zote kwamba kufuta nako kunataka betri. Akaondoka akinung'unika. Haikupita muda akarudi, akasimama mlangoni, akakohoa, akauliza kama kutakuwa na kaseti ya pili. Mikono ilikuwa nyuma kama kawaida. Alipoileta mbele, ilikuwa imeshika betri mpya.

Shangazi na mzee wote wawili wamelala sasa makaburini pale kigangoni. Barabara ya Mbamba Bay ni lami, na mpwa wangu hurekodi kwa simu, anafuta na kurudia mpaka wimbo hauna hata kuku. Ni mzuri, sikatai, ila haupitwi na mtu. Majuzi alinihamishia ule wetu wa kaseti kwenye simu yangu. Nikausikiliza nikiwa stendi ya Mbamba Bay, vijana wakinipita na waya zao masikioni, hakuna wa kuniamkia. Ukafika ubeti wa tatu. Kumbe utepe ulikuwa umelika palepale: sauti ya mtoto ikasema, "Shikamoo, babu!" halafu kimya, mkwaruzo mtupu. Nilingoja ile besi. Haikuja. Watu wote stendi wakanigeukia, maana nilikuwa nimeitikia kwa sauti, "Marahaba, mwanangu."