Darubini Yangu na Bido ya Mawese

Siku hizi nikiona kipande cha sabuni sokoni ninageuza uso, na leo nitawaambia kwa nini, mnicheke mara moja tumalize.

Darubini yangu mpya ilifika kutoka Kampala, nyeupe, ndefu kama shingo ya twiga (mimi ndiye niliyeipima, msibishe), ya kutazama na ya kupigia picha za mwezi, na mimi niliyesoma fizikia shule ya jioni nilikosa usingizi kwa furaha. Shida moja tu: kile chuma kizito kinachofungwa upande wa pili ili bomba lisawazike kilibaki Aru mpakani, kwenye duane ya ushuru. Mtu mwenye akili angengoja. Lakini jioni hiyo Papa Gédéon, baba yake Dorcas niliyemposa, alikuwa anakuja kwetu kutoa jibu la ndoa, na nilitaka akute mwezi umeshaingia kwenye kamera! Nikachukua bido, lile dumu la mawese la mama, nikaikaza kwenye fimbo ya kubebea chuma hicho kwa mpira wa baiskeli, ikasawazisha ajabu. (Kitabu kilisema nielekeze mashine kwenye nyota ya kaskazini, ila huku kwetu nyota hiyo imelala chini, nyuma ya bati za jirani. Nikakisia.)

Ulikuwa wakati ule bunduki zimenyamaza lakini watu bado wanalala na viatu karibu, hakuna anayekaa nje giza likiingia, na bado Bunia nzima ilijaa uani kwetu, haya, basi, avenue yetu. Papa Gédéon akaingia na chemise nyeupe, shati lake la arusi, Dorcas nyuma yake.

"Mwezi yako iko wapi?"

"Iko mu kamera, papa."

"Kamera hapana. Niko na macho."

Nikatoa kamera, nikaweka kioo cha kuchungulia. Kumbe kamera ilikuwa nzito, upande wa mawese ukashuka. Nikafungua bido, nikamimina kidogo kwenye sufuria, nikarudisha kifuniko mbiombio bila kukikaza, maana mzee alishakaa kwenye kiti kidogo, ameinama chini ya bomba.

"Aah! Iko na mashimo sawa ile barabara ya Mahagi!"

Hakutoka tena hapo. Mwezi ukasogea, nami nikaufuata polepole, kwa fahari, bomba likishuka, fimbo ikipanda, bido ikipanda nayo na kuinama juu ya kichwa chake. Kifuniko kikaruka.

"Mvua inanyesha?" akauliza, jicho bado kwenye kioo. "Dorcas, ni mvua?"

"Hapana, papa. Ni mawese."

Aliposimama alikuwa mwekundu toka upara hadi mkanda, anang'aa kama samaki aliyetoka kikaangoni. Mama akalia (kwa ajili ya mafuta). Papa Gédéon akavua chemise taratibu, akaniwekea mikononi.

"Mutoto, jibu nitaleta siku hii chemise itarudi nyeupe."

Nimefua kwa sabuni, ndimu, majivu na jua la Ituri lote. Imefika rangi ya chungwa na imegoma hapo. Chuma cha Aru kimeshafika, na naapa, kitu cha kupikia hakitagusa tena darubini yangu. Lakini jana Dorcas alinong'ona kwamba baba yake kila jioni anatazama juu, na ameuliza ile mwezi ya mashimo itarudi lini. Nimemtuma amwambie: wiki ijayo, papa, na uvae nyeusi.