Kushuka ni Bure

Nikisikia harufu ya oili ya gia iliyoungua, namwona mama akiteremsha gari letu la otomatiki kuelekea ziwani. Barabara ilipoinama aliweka gia nyutro, injini ikanyamaza karibu kabisa, na madirishani ukaingia upepo wa dagaa wabichi.

"Utaua giaboksi," baba alilalamika kila siku.

"Kushuka ni bure, baba watoto. Petroli ni ya kupandia."

Miaka ile mafuta yalikuwa adimu, na wakimbizi walifika kwa mitumbwi wakiwa hoi. Mama alishuka na sufuria la uji, akapanda na waliozidiwa kuwapeleka hospitali.

Siku moja gari lilitoa moshi likazimika mbele ya nyumba yetu. Baba alitoka amefura. Akachungulia kiti cha nyuma, akamwona mwanamke akitetemeka kwa homa, kichanga kifuani. Alitoa baiskeli yake, akampakia mgonjwa, akaisukuma mlima mzima, mama akimfuata na mtoto.

Waliporudi, baba alilala chini ya gari na spana zake.

"Mama watoto," aliita kutoka kule chini, "kesho unashuka saa ngapi?"